Mteja mmoja, bei mbili: kamisheni ya Tanga na kamisheni ya Leicester

Swali

Naendesha ukurasa wa mapishi ya pwani nikiwa hapa Tanga. Wafuasi wangu wengi ni watu wetu walioko nje: Muscat, Leicester, Hamburg, Toronto. Nimejiunga na mpango wa kualika wa kampuni moja inayohifadhi picha na video mtandaoni. Mtu akijiunga kwa linki yangu na kulipia mwaka mzima, nalipwa kwa kufuata nchi yake: wa Ujerumani au Uingereza dola 12, wa Oman dola 5, wa Tanzania senti 40. Huduma yenyewe Ulaya inauzwa dola 10 kwa mwezi, Oman 8, hapa kwetu 2. Siruhusiwi kutoa pesa mpaka zifike dola 100. Kilichoniuma zaidi ni shemeji yangu aliyeko Leicester. Yumo kwenye mpango huohuo, na kwa mteja yuleyule wa Hamburg yeye hulipwa dola 20. Nilipouliza nikajibiwa kwamba viwango hutegemea soko. Shemeji ananishauri nipitishie wateja wangu kwenye akaunti yake, au nitumie VPN nionekane niko Uingereza. Je, huu si ubaguzi? Na nifanye nini?

Jibu

Dada yangu, kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa watu wanaopanga viwango vya mipango kama huo wako, kwa hiyo nitakueleza namba hizo zinavyopatikana kweli, siyo zinavyoelezwa na watu wa huduma kwa wateja. Ndiyo, umepunjwa. Ila malalamiko yako yana mambo mawili ndani yake, na ukiyaandika kwa pamoja watakujibu lile jepesi na kulinyamazia lile zito.

Jambo la kwanza ni nchi ya mteja. La pili ni nchi yako wewe uliyemleta. Hayo hayafanani hata kidogo.

Chukua dalali wa nyumba wa Dar es Salaam. Desturi inajulikana, dalali hulipwa kodi ya mwezi mmoja. Akipangisha nyumba Masaki anaondoka na fedha nyingi, akipangisha chumba Mbagala anapata kidogo, na hakuna anayenung'unika kwa sababu kipimo ni kilekile, mwezi mmoja. Sasa dalali anayeishi Mbagala ampeleke mpangaji Masaki, halafu aambiwe, "Wewe kwenu maisha ni nafuu, chukua nusu, kodi nzima angepewa dalali wa Oysterbay." Hilo hakuna atakayelikubali. Kazi iliyofanyika ni moja, mpangaji ni mmoja, kodi ni ileile. Anakolala dalali hakumhusu mwenye nyumba.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya senti 40 za mteja wa Tanzania na dola 12 unazopewa kwa mteja ambaye shemeji yako analipwa 20. Ya kwanza tunaweza kuijadili kwa hesabu. Ya pili haina hesabu nyuma yake.

Tuanze na inayojadilika. Kamisheni hutoka kwenye mapato, na mteja anayelipa dola 2 hawezi kuzaa kamisheni sawa na anayelipa 10. Hilo ni halali, na mipango mikubwa imelijenga wazi. YouTube humpa mtengeneza video asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu, awe Tanga au Texas. Watazamaji elfu moja wa Marekani wanaleta fedha nyingi kuliko elfu moja wa Tanzania kwa sababu watangazaji wanagombania kuwafikia wale wa Marekani na kupandisha bei, lakini fungu la mwenye video halibadiliki. Amazon nayo, tangu ilipoanzisha mpango wake wa washirika mwaka 1996, imezoea kulipa asilimia ya bei ya bidhaa, na asilimia hiyo inategemea aina ya bidhaa iliyouzwa. Mtu anaweza kuulalamikia ukubwa wa asilimia, lakini kipimo anakiona.

Kwa hiyo nilipopata barua yako, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta kipimo cha kampuni yako. Mteja wa Ulaya analipa dola 120 kwa mwaka, wewe unapata 12, yaani asilimia 10. Wa Oman analipa 96, unapata 5, ambayo ni asilimia 5 na ushee. Wa Tanzania analipa 24, unapata senti 40. Hiyo ni asilimia 1.7 hivi. Kama wangetumia asilimia ileile ya Ulaya, Mtanzania mmoja angekuletea dola 2 na senti 40, mara sita ya unachopewa. Unaona sasa? Wamekushushia mara mbili. Bei ndogo ilikwisha kukupunguzia kamisheni, kisha na asilimia yenyewe nayo wakaikata.

Nitawatendea haki. Kuna gharama ambazo hazishuki pamoja na bei. Kukata malipo ya kadi kuna ada ya asilimia na juu yake ada isiyobadilika. Stripe, kampuni ya kukata malipo ya kadi mtandaoni, kwa mfano, kwa kadi za Marekani hutangaza asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila muamala. Kwenye malipo ya dola 10 hizo ni kama senti 59. Kwenye malipo ya dola 2 ni karibu senti 36, na hapo karibu asilimia 18 ya fedha imekwenda kabla kampuni haijagusa kitu. Kwa mwaka, dola 24 za Mtanzania zinabaki 19 na senti 70 hivi, wakati 120 za Mjerumani zinabaki kama 113. Ukichukua sehemu ileile ya kile kilichobaki, stahili yako kwa Mtanzania inakuwa dola 2 na senti chache. Haya, tuwape zaidi. Waseme wateja wetu huacha mapema, kadi zinakataa, bando linaisha. Tukate nusu nzima kwa ajili hiyo. Bado ni dola moja. Wao wanakupa senti 40.

Nakuambia ninavyolijua jambo hili kwa ndani. Kwenye biashara hii nchi hupangwa kwa madaraja. Daraja la kwanza ni Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, Ujerumani na chache nyingine. La pili ni mchanganyiko. La tatu huandikwa "nchi nyinginezo", na humo ndimo ilimo karibu Afrika yote. Kwa daraja la kwanza watu hukaa chini na kupiga hesabu ya kila soko, kwa sababu kosa dogo linaigharimu kampuni fedha nyingi. Kwa daraja la mwisho mtu huandika namba ndogo isiyoweza kumtia hasara, akaiacha miaka. Mkenya mwenye M-Pesa anayelipia huduma kila mwezi bila kukosa anawekwa fungu moja na mteja wa nchi ambayo malipo ya mtandaoni hayajashika. Basi wakikuambia viwango hutegemea soko, waulize ni lini mara ya mwisho waliliangalia soko lenyewe.

Kuna wanaodai dawa ni kulipa kiasi kimoja dunia nzima. Sikubaliani nao. Nairobi tuliona kinachoweza kutokea. Mwishoni mwa Julai 2023 mradi wa sarafu za kidijitali uitwao Worldcoin ulikuwa ukitoa sarafu 25 za kidijitali kwa mtu aliyekubali mboni ya jicho lake ipigwe picha. Thamani yake ilikuwa kama shilingi 7,000 za Kenya. Kwa mtu wa Berlin hizo ni fedha za mlo mzuri wa jioni na mwenzake. Kwa kijana wa Nairobi asiye na kazi ni kodi ya chumba, na foleni kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC zilionyesha hivyo. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha zoezi zima, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zilizokusanywa zifutwe. Kiasi kilekile kinapopelekwa mahali penye shida kinageuka kuwa shinikizo, watu wanatoa wasichokielewa. Usawa wa aina hiyo siutaki.

Usawa ninaoupenda ni wa Dropbox ya mwanzoni, kampuni ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Walipotaka watumiaji waalike wenzao hawakutoa fedha. Walitoa nafasi ya kuhifadhia, megabaiti 250 kwa mwaliko, aliyealika na aliyealikwa wote wapate. Kati ya Septemba 2008 na Januari 2010 walitoka watumiaji laki moja wakafika milioni nne. Mtu wa Tanga na mtu wa Boston walipata kitu kilekile, chenye manufaa yaleyale kwa yeyote anayekihitaji, na kwa kampuni gharama ilikuwa ileile popote. Huduma yako wewe pia ni ya kuhifadhi picha na video. Kumbuka jambo hili, nitalirudia nikifika kwenye barua.

Na hapo hapo nikutahadharishe. Ukikuta mpango unaokupa fedha nono ileile kwa kila kichwa, Mjerumani au Mtanzania, bila mteja kununua chochote, huku wewe mwenyewe ukitakiwa kuweka kiingilio, ukimbie. Fedha hiyo inatoka kwa watakaojiunga baada yako. Tanzania tulijifunza kwa mchezo wa upatu wa DECI mwaka 2009, wengine walipoteza mitaji na hata viwanja. Mpango wako hauko hivyo, kuna huduma inayouzwa na mteja anayeilipia, na ndiyo maana inafaa kuupigania.

Sasa lile zito. Mteja wa Hamburg, dola 120 kwa mwaka, akija kwa linki ya Leicester ni dola 20, akija kwa linki ya Tanga ni 12. Hapa hawawezi kusema lolote kuhusu bei, kadi au soko, kwa kuwa mteja ni mmoja. Kilichobadilika ni wewe tu. Nimewahi kukaa kwenye vikao ambako jambo hili linatetewa, na sababu huwa tatu.

Ya kwanza ni gharama za maisha: dola 12 Tanga ni nyingi kuliko dola 20 Leicester. Kwenye mishahara mjadala huo upo na watu makini wako pande zote mbili. GitLab, kampuni ya programu, hulipa wafanyakazi wake kwa kuangalia wanakoishi na haifichi hilo, wakati 37signals, wenye Basecamp, hulipa kiwango kimoja bila kujali mtu anaishi wapi. Lakini mshahara ni malipo ya muda wa mtu, na mwajiri hubeba mambo mengine ya mfanyakazi, likizo, bima, pensheni. Wewe hakuna anayekubebea chochote. Simu yako, taa zako za kupigia video na bando lako unanunua mwenyewe, na simu haiwi rahisi kwa kuwa imeshushwa bandarini Tanga. Usipoleta mteja hulipwi hata senti. Mtu anayelipwa kwa matokeo peke yake alipwe kwa matokeo.

Halafu kuna udanganyifu. Watasema nchi fulani zina akaunti nyingi za bandia, kwa hiyo washirika wa huko walipwe kidogo. Udanganyifu upo na ni mkubwa, silikatai. Lakini udanganyifu huzuiwa kwa kushikilia malipo siku 30 au 60 mpaka mteja athibitike, na kwa kumfungia aliyebainika. Kumkata mwaminifu asilimia 40 kwa sababu ya mwizi asiyemjua hakumzuii mwizi. Yeye atatengeneza akaunti nyingi zaidi afidie. Anayeumia ni mama mwenye wateja halisi.

Sababu ya tatu ni gharama ya kukutumia fedha Tanzania. Hiyo ni ya kweli, ila ni gharama ya kila unapotoa pesa, haiongezeki kwa kila mteja. Waikate pale unapotoa, kwa kiasi kinachojulikana. Kuigeuza kuwa dola 8 kwa kila kichwa ni kukutoza kitu ambacho wao hawakukilipia.

Kwa hiyo kwenye hili la pili nakujibu bila kuzunguka: ni ubaguzi wa mahali unapoishi. Na tena unakugusa pale penye thamani yako kubwa. Shemeji yako yuko Leicester, lakini hajui kumvuta mtu wa Hamburg aliyekulia Pangani. Wewe unamvuta, kwa mkate wa kumimina na samaki wa kupaka. Kampuni ya Ulaya ingetumia fedha nyingi sana kwenye matangazo ikitafuta Waswahili waliotawanyika Ulaya na Ghuba, na isingewapata kwa uaminifu ulio nao wewe. Kinachowapa mteja huyo ni wewe kuwa Tanga, kisha ndicho wanachokukatia.

Nije kwenye dola 100, ambazo umezitaja kwa sentensi moja, nami naziona ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Kiwango cha malipo wamekipunguza kufuata nchi, kiwango cha kutolea hawakukipunguza. Mtu mwenye wafuasi wa Ulaya anafikisha dola 100 kwa wateja tisa, akilipwa kama wewe. Mtu mwenye wafuasi wa Tanzania pekee anahitaji wateja 250 wanaolipia mwaka mzima. Wengi hawafiki kamwe, na mipango mingi ina kifungu kwamba akaunti isiyo na shughuli kwa muda fulani inafungwa na salio linapotea. Jumlisha wenye dola 30 na dola 45 wote walioachiwa njiani, uone fedha hiyo inabaki kwa nani. Amazon yenyewe kwa miaka mingi iliweka kiwango cha dola 10 kwa anayelipwa moja kwa moja benki au kwa kadi ya zawadi, na dola 100 kwa anayelipwa kwa hundi, pamoja na ada ya dola 15 kwa hundi hiyo. Na ni nani waliokuwa wakisubiri hundi? Wale ambao benki za nchi zao hazikuwa kwenye orodha. Mtu akitazama asilimia tu anaona wote sawa, kumbe mmoja ameshapoteza dola 15 kabla hajafika benki.

Njia ya kulipwa nayo iangalie kabla hujasumbuka na kiwango. Akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia, siyo ya kupokea, ilhali Wakenya wanapokea na tangu 2018 wanaweza kuzihamishia M-Pesa. Kama kampuni yako inalipa kwa PayPal peke yake, ongezeko la kamisheni halitakusaidia. Waulize kama wanatuma benki au kwa huduma ya malipo ya Payoneer, na ada ya kila njia ni kiasi gani.

Kuna kitu kingine cha kuwauliza ambacho wafuasi wako wa nje wanakifanya kiwe muhimu sana. Nchi ya mteja wanaitambuaje? Wengine hutazama intaneti anayotumia siku ya kujiunga, wengine nchi iliyotoa kadi, wengine duka la programu ambalo simu yake imesajiliwa. Mtoto aliyeko Hamburg akimlipia mama yake wa Tanga, huyo ni mteja wa wapi? Kijana wa Muscat ambaye bado anatumia kadi ya benki ya Dar je? Kwa ukurasa wa mtu wa Munich mwenye wafuasi wa Munich maswali haya hayaji. Kwa ukurasa wako yanaweza kuwa robo ya wateja. Omba ripoti yako ya miezi mitatu, uone wateja unaowajua kuwa wa Oman wameandikwa wa wapi.

Kuhusu kodi nitakuwa mfupi. Kama kampuni ni ya Marekani watakuletea fomu ya W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba wewe si mlipakodi wa Marekani. Ijaze, usiiogope. Kamisheni ya kazi uliyoifanya ukiwa nje ya Marekani kwa kawaida haikatwi kodi ya huko, ila hakikisha wanajua hivyo. Usichanganye na YouTube: wao tangu Juni 2021 hukata kodi ya Marekani kwenye mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani, na kwa mtu wa Tanzania au Kenya ni asilimia 30, kwa kuwa nchi zetu hazina mkataba wa kodi na Marekani. Uingereza inao, ndiyo maana shemeji hatakatwa hivyo. Hapo tatizo ni la serikali kwa serikali, usimbebeshe mtu wa kampuni. Na nyumbani kumbuka TRA, mapato haya ni mapato. Kenya wameshayataja kwa jina: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka zuio la asilimia 5 kwenye mapato ya maudhui ya kidijitali, na kamisheni za linki zimo.

Ushauri wa shemeji naomba uuache, wote wawili. Najua anakupenda, na najua dola 8 zaidi kwa kila mteja si haba. Lakini ukitumia VPN, siku ya kutoa pesa wataomba kitambulisho na akaunti ya benki, na cha NIDA hakitafanana na Uingereza. Hapo una kosa la kweli, na salio lote linachukuliwa kwa mujibu wa masharti uliyoyakubali. Ukipitishia kwake, fedha zinaingia kwa jina lake, kodi ya Uingereza inamdai yeye, na akikutumia anakatwa tena ada ya kutuma. Ikitokea mkakorofishana, huna karatasi yoyote inayosema wateja wale walikuwa wako. Zaidi ya yote, utakuwa umewafutia lawama. Leo wewe ndiye mwenye hoja safi. Usiwape sababu ya kuzungumzia jambo lingine.

Sheria haitakufikisha mbali. Umoja wa Ulaya una kanuni, namba 2018/302, inayokataza wauzaji kuwabagua wanunuzi kwa uraia au mahali wanapoishi, lakini inahusu wateja wanaonunua, tena ndani ya Umoja. Wewe ni mshirika wa biashara aliyeko nje yake, umefungwa na mkataba ulioubonyeza kukubali. Kilichobaki ni mazungumzo, na nguvu unazo zaidi ya unavyodhani. Kiwango kinachotangazwa kwenye tovuti ni cha kuanzia. Kila mpango una mtu anayeitwa meneja wa washirika, na huyo ana nafasi ya kumpandishia mshirika anayeleta wateja wanaobaki. Usiandikie dawati la huduma kwa wateja, muulizie huyo.

Mwandikie kwa ufupi, bila hasira. Anza na kazi yako: wateja wangapi wa Ulaya, wa Ghuba na wa Tanzania umeleta, na wangapi wanaendelea kulipia mpaka mwezi wa tatu. Kisha mweleze kwamba mteja wa Hamburg analipa kiasi kilekile kwa linki yoyote, na uombe ulipwe kama washirika wengine kwa mteja huyo. Hili liwe ombi lako la kwanza na lisimame peke yake, kwa sababu hana hesabu ya kulikatalia. Aya inayofuata iwe ya Tanzania na Oman. Omba asilimia badala ya kiasi kilichopangwa, na umwekee ile hesabu ya dola 24 na ada ya kadi ili ajue hukubuni. Akisema daraja la nchi haliwezi kuguswa, hapo toa ombi la Dropbox: kwa wateja wa Tanzania wakupe wewe na mteja wako nafasi ya kuhifadhia au miezi ya bure, sawa na ya mtu yeyote duniani. Kampuni ya kuhifadhi picha inaweza kutoa hilo leo bila kuomba ruhusa ya mhasibu. Mwisho, kiwango cha kutolea kishuke kifike dola 20 au 25, ada ya kutuma uibebe wewe.

Mpe wiki mbili au tatu. Wakikubali ombi la kwanza tu, ulichukue, hilo ndilo lenye fedha, na la asilimia ulirudie baada ya robo mwaka ukiwa na ripoti mpya. Wakikataa yote, una haki ya kuwaambia wafuasi wako ukweli, kwamba unalipwa kwa linki hii na kwamba mpango wenyewe unamlipa wa Tanga pungufu kwa mteja yuleyule. Kusema kwamba unalipwa ulipaswa kukifanya tangu mwanzo, kwa hiyo kama hujakiandika kwenye ukurasa, kiandike leo. Ila kabla hujasema lolote hadharani, fikisha dola 100, toa pesa yako yote, uione imeingia benki, na upige picha za ripoti zako zote pamoja na jedwali la viwango kama lilivyo sasa. Jedwali hilo linaweza kubadilishwa usiku mmoja, na bila nakala utabaki na neno lako tu.